Wageni Wanausoma Mto Mara, Sisi wa Jirani Tuko Wapi?

Machi 2022, wakazi wa vijiji vya kando ya Mto Mara, mkoani Mara, waliona maji ya mto wao yamegeuka kuwa meusi. Yalinuka, na juu yake walielea samaki waliokufa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikaja na jibu lililozua mjadala nchi nzima: kilichochafua maji ni kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika. Wapo waliotaka machimbo ya dhahabu ya Tarime yaangaliwe kwanza, na wapo walioifanya taarifa ile kuwa kichekesho cha mitandaoni kwa wiki nzima.

Sirudi kwenye shauri hilo ili nimtie mtu hatiani. Ninalirudia kwa sababu mwananchi wa kawaida aliyetaka kujua ukweli hakuwa na cha kushika. Oksijeni kwenye maji ya eneo lile huwa kiasi gani mwezi wa pili, kabla mvua za masika hazijaanza? Ilikuwa kiasi gani mwaka uliotangulia, na ule uliotangulia huo? Bila kumbukumbu za namna hiyo, kila mmoja hubaki na jibu lake aliloliamini tangu mwanzo. Mto nao haungoji. Maji meusi yakishapita, ushahidi umekwenda nayo ziwani.

Swali la kwa nini samaki wa Mara wanakufa lilikuwa limeshaulizwa kabla, juu zaidi ya mto, katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya. Waliolifanyia kazi kwa miaka ni Amanda Subalusky na Christopher Dutton, Wamarekani waliokuja kuutafiti mto huu wakisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Yale. Samaki walikuwa wakifa kwa wingi pale mto unapojaa ghafla baada ya mvua. Dhana ya kwanza ilikuwa ileile ambayo wengi wetu tungekuwa nayo: dawa za mashambani, au taka za miji iliyoko juu.

Jibu waliloligundua lilikuwa tofauti kabisa. Kiboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri. Mchana kutwa yumo mtoni, na humo ndimo anamojisaidia. Sehemu ya mto iliyo upande wa Kenya ina viboko zaidi ya 4,000, na watafiti hao walikadiria kwamba kila siku wanaingiza mtoni takriban tani 36 za kinyesi kibichi. Mto ukiwa na maji ya kutosha, mzigo huo huchukuliwa kidogo kidogo na kuwa chakula cha wadudu na samaki. Kiangazi mambo hubadilika. Maji yakipungua, madimbwi ya viboko hutulia, kinyesi hutuama chini, bakteria hukimeng'enya mpaka oksijeni yote inakwisha, na gesi zenye sumu, ikiwemo ile inayonuka kama yai viza, hujikusanya humo. Kisha mvua inanyesha milimani. Maji yanashuka kwa kishindo, yanakoroga madimbwi na kuyasukuma yote kwa mpigo. Samaki walioko chini wanakutana na maji yasiyo na hewa, hawana pa kukimbilia. Katika muda wa miaka 5 watafiti hao waliandika matukio 9 ya samaki kufa kwa namna hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Communications.

Njia waliyopita kufikia jibu hilo ina mafunzo kuliko jibu lenyewe. Dimbwi lenye viboko si mahali pa mtu kuingia na chupa ya sampuli, kwa hiyo walitumia boti ndogo isiyo na mtu inayoendeshwa kwa rimoti. Waliacha vipimo mtoni vikirekodi oksijeni mchana na usiku, maana mafuriko mengine hupita saa tisa za usiku wakati hakuna mtu wa kuyaona. Walitengeneza pia mafuriko madogo ya majaribio, wakayaachia maji ya madimbwi ya viboko kwenye kijito na kupima kinachotokea. Na walikaa. Nalitilia mkazo hili la kukaa. Aliyekuja Julai akaondoka Agosti angeona viboko, angepiga picha, angepima maji yaliyo mazuri tu, na angeandika ripoti yenye vipimo sahihi lakini isiyosema lolote kuhusu samaki wanaokufa.

Watafiti haohao, pamoja na wenzao, ndio waliohesabu nyumbu wanaokufa maji. Sote tumeziona filamu za nyumbu wakivuka Mara, mamba wakiwasubiri. Kamera huondoka mapema. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kuwa kwa wastani nyumbu zaidi ya 6,000 huzama kila mwaka, wakiuachia mto tani zipatazo 1,100 za nyama, ngozi na mifupa. Mamba hula sehemu ndogo sana ya karamu hiyo. Tai na makorongo hupata chao, samaki hupata chao, na mifupa hubaki chini ya maji ikiyeyuka taratibu kwa muda wa miaka 7 hivi, ikitoa fosforasi inayolisha utelezi wa mawe ambao nao ni malisho ya viumbe wadogo. Nyumbu mmoja aliyekufa mtoni mwaka 2017 huenda mifupa yake ilikuwa bado inaulisha mto wakati mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka huo alipofika kidato cha kwanza.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo maana halisi ya kusoma ikolojia ya bonde la mto. Kitabu cha Ulaya au Amerika Kaskazini kitakueleza mto unaolishwa na majani yaliyopukutika kutoka msituni. Hakitakueleza mto unaolishwa na viboko na nyumbu, kwa sababu mito ya huko haina wanyama hao. Nadharia ililazimika kuja kujifunza hapa, na imejifunza. Kinachonikera ni kwamba waliokaa dawati la mbele katika darasa hilo wametoka mbali, na sisi ambao mto unapita mlangoni kwetu tumekuwa wachache mno.

Tuutazame mto wenyewe. Unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, katika safu ya Mau nchini Kenya. Mikono yake miwili mikubwa, Nyangores na Amala, hushuka kupitia mashamba ya chai, mahindi na viazi ya Bomet na Narok, hukutana, kisha mto unaingia Maasai Mara, unavuka mpaka, unapita kaskazini mwa Serengeti, unaingia kwenye bwawa kubwa la matete la Masurua na kumwaga maji Ziwa Victoria, karibu na Musoma. Urefu wake ni kama kilomita 395. Bonde lote lina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, theluthi mbili Kenya na theluthi moja Tanzania. Ndani ya eneo hilo mna msitu wa mvua, kilimo cha wakulima wadogo, ufugaji wa Kimaasai, utalii wa mamilioni ya dola, mgodi, na wavuvi wa kamongo na kambare. Kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa maana ya maendeleo endelevu, sijui mahali pengine Afrika Mashariki panapoyakusanya yote kwenye mto mmoja kiasi hiki.

Kazi ya uwandani yenyewe huanza na vitu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua kupima kasi ya maji. Vipo vifaa vya bei mbaya, lakini chungwa linatosha. Wanafunzi wanapima mita 10 kando ya kijito, mmoja anasimama juu na chungwa, mwingine chini na saa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana hata kwenye maji ya tope. Linaachiwa, linahesabiwa sekunde, zoezi linarudiwa mara kadhaa katikati na pembeni mwa mto. Kasi inayopatikana hupunguzwa kidogo, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayojikwaruza kwenye mawe. Kisha wanavuka na fimbo yenye alama wakipima kina kila baada ya nusu mita. Kasi ukiizidisha kwa upana na kina, umepata ujazo wa maji yanayopita hapo kwa sekunde. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo akiwa amesimama kwenye maji yanayomfika mapajani hataisahau, na akisoma siku nyingine kwamba kampuni fulani imepewa kibali cha kuvuta lita kadhaa kwa sekunde, atajua ni maji kiasi gani.

Halafu kuna wadudu. Unashika wavu wenye fremu, unauweka chini ya mkondo, mwenzako anasugua mawe kwa buti mbele yake, na vyote vilivyokuwa vimejishika vinaingia wavuni. Ukivimwaga kwenye sinia jeupe unaona taka tupu. Subiri dakika moja. Taka zinaanza kutembea. Mmoja ana mikia mitatu kama nyuzi na matamvua pande zote za tumbo ya kuvutia hewa. Huyu hawezi maji machafu. Mwingine amejijengea kijumba cha mchanga, punje kwa punje, anatembea nacho. Pale kijijini ng'ombe wanaponywea na nguo zinapofuliwa, sinia linabadilika: wenye mikia mitatu hawapo, wamebaki lava wekundu wembamba wanaojipindapinda, wenye damu inayoweza kushika oksijeni hata ikiwa kidogo mno. Afrika Kusini waliigeuza tofauti hiyo kuwa mfumo wa alama, kuanzia 1 kwa mdudu mvumilivu hadi 15 kwa asiyevumilia uchafu kabisa, na kutokana na mfumo huo Tanzania imepata wake uitwao TARISS, uliotengenezwa kwa ajili ya mito yetu. Kipimo cha kemikali kinakueleza maji yalivyo dakika ile ulipoyachota. Wadudu wanakueleza yalivyokuwa miezi yote waliyoishi humo. Mtu akimwaga uchafu usiku, asubuhi maji yamepita lakini wadudu waliokufa hawarudi haraka.

Wanaojifunza haya kutoka mataifa mbalimbali wapo, na baadhi ya mipango yao ni mizuri. Ipo shahada ya uzamili inayoendeshwa kwa pamoja na chuo kikuu cha BOKU cha Vienna, taasisi ya IHE ya Delft nchini Uholanzi na Chuo Kikuu cha Egerton kilichopo Njoro, Kenya. Mwanafunzi huhama nchi hadi nchi. Anayetoka Austria anafika Njoro, kwenye mteremko wa mashariki wa Mau, na kuufuata mto ambao kiangazi huweza kukauka kabla haujafika Ziwa Nakuru. Mganda au Mtanzania aliyemo katika kundi hilohilo anapelekwa kwenye mito ya Alpi inayolishwa na theluji. Wote wanakuwa wageni kwa zamu, na nadhani huo ndio uzuri wake. Mgeni huuliza maswali ambayo mwenyeji ameacha kuyauliza.

Frank Masese, Mkenya ambaye ni mhadhiri Chuo Kikuu cha Eldoret, ni mfano wa mtu aliyekwenda kusoma nje na kuufanya mto wa nyumbani kuwa uwanja wake. Alisomea uzamivu Delft, na utafiti wake ulikuwa Mara: wanyama wakubwa wanaulisha mto kwa namna gani, viboko huku na ng'ombe kule. Kiboko mmoja huingiza kinyesi kingi kuliko ng'ombe mmoja kwa sababu anashinda majini, ilhali ng'ombe hunywa na kuondoka. Lakini ng'ombe ni wengi, na wanakwenda mtoni kila siku. Ukisoma kazi za namna hii unaelewa kwamba hoja ya mifugo iliyotolewa mwaka 2022 haikuwa upuuzi kama ilivyochekwa mitandaoni. Unaelewa pia kwamba haiwezi kumtosheleza mtu asiyeonyeshwa vipimo vya mahali pale, vya kabla na baada.

Si kila safari ya wageni ina uzito huo. Zipo programu za wiki chache ambamo vijana kutoka ng'ambo hupitishwa hifadhini, huchota maji mara moja, hupanda miti mitatu mbele ya kamera na kuondoka na cheti. Siwalaumu vijana. Nawalaumu wanaoziuza safari hizo kana kwamba ni utafiti, na sisi tunaozipokea bila kuuliza vipimo vinabaki wapi. Mzee aliyewaonyesha kivuko, kijana aliyebeba vifaa, mama aliyewaruhusu wapite shambani kwake, wote walikuwa sehemu ya kazi. Ripoti ikiishia kwenye jarida la Kiingereza linalolipiwa, wao hawakupata kitu. Jumuiya za watumia maji zipo pande zote mbili za mpaka; ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye namba na maelezo, ukisomwa kwenye mkutano wa jumuiya, haumgharimu mtafiti zaidi ya jioni moja.

Tena bonde la mto halieleweki bila kukaa na watu hao. Kikosi kazi cha serikali ya Kenya kilieleza mwaka 2009 kwamba takriban robo ya misitu ya Mau ilikuwa imepotea ndani ya miaka kama kumi na mitano, na miaka iliyofuata familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu. Mwanafunzi aliyeko Masurua anaona tope limejaa kwenye matete na kusema juu wanakata miti. Ni kweli. Udongo uliochimbwa kutoka chini ya bwawa hilo na kusomwa tabaka kwa tabaka ulitoa kumbukumbu ya miaka 2,000, na unaonyesha tope likiongezeka kwa kasi tangu miaka ya 1960. Lakini apande mpaka Bomet aketi na mkulima mwenye ekari moja na watoto watano, amsikilize anavyopanga viazi, ng'ombe na karo, ndipo aseme ni nini kifanyike. Pendekezo lililoandikwa bila kumsikia mkulima huyo ni karatasi tu.

Hesabu ya viboko nayo inarudi hapa. Kinyesi kinakuwa chakula au sumu kutegemea maji yanayobaki mtoni kiangazi, na maji hayo yanategemea msitu wa juu, pampu za umwagiliaji na mabomba ya miji. Sheria za maji za nchi zote mbili zinatambua kwamba kiasi fulani lazima kibaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe, kabla hajapewa kibali mwingine yeyote. Kenya iliweka kanuni hiyo katika sheria ya mwaka 2002, Tanzania katika sheria ya mwaka 2009. Kuisimamia kunahitaji mtu wa kupima Nyangores pale Bomet, Amala pale Kapkimolwa, na mto mkuu pale Mara Mines, mwezi hadi mwezi.

Na hapa ndipo neno "nje ya nchi" linapohitaji kutazamwa upya. Kwa kijana wa Musoma, nje ya nchi ni Bomet, safari ya siku moja kwa basi kupitia Sirari na Isebania. Kwa kijana wa Bomet, nje ya nchi ni Kirumi, upande wa Tanzania, mto unakokaribia ziwa. Hata hivyo ni rahisi kumkuta mhitimu wa Kitanzania wa sayansi ya mazingira aliyeona mito ya Uholanzi lakini hajaiona Mau, na Mkenya aliyeandika tasnifu nzima kuhusu Mara bila kufika unakoishia. Makaratasi yana sehemu yao katika hili. Anayetaka kutafiti upande wa Kenya anahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Akivuka anahitaji cha COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, na akiingia hifadhini ataonana na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Taasisi hizo zina sababu zake, na nchi ina haki ya kujua nani anachota nini. Lakini kwa kazi ya mwanafunzi ya kuhesabu wadudu kwenye mto mmoja, serikali mbili za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kukubaliana juu ya kibali kimoja.

Vyuo vipo tayari pande zote. Narok kuna Chuo Kikuu cha Maasai Mara. Butiama, ndani ya mkoa wenye jina la mto huu, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius Nyerere. Vikichangia wanafunzi kumi kumi, kundi moja la ishirini linaweza kuufuata mto kutoka Enapuiyapui hadi ziwani mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika, vituo vilevile, machungwa na nyavu zilezile, na daftari moja linalorithiwa na kundi linalofuata. Gharama kubwa ni basi, chakula na mwalimu anayekubali kulowa.

Kila tarehe 15 Septemba, tangu mwaka 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kwa kupokezana uenyeji, chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Mawaziri huhutubia na miti hupandwa. Makubaliano ya vyuo viwili yanaweza kutiwa sahihi siku hiyohiyo, kwenye jukwaa hilohilo, na Februari itakayofuata, maji yakiwa ya chini na madimbwi ya viboko yametulia, kundi la kwanza likapanda basi la asubuhi kutoka Musoma kwenda Bomet.